Video inacheza vizuri, lakini kwa nani?

Wandugu, kuko sentensi moja ambayo nimeikuta mara nyingi katika TFC za wenzetu wa informatika na wa telekomu, na pia katika ripoti za watu wakubwa. Inasema hivi: «Kwa wastani, video inacheza vizuri.» Chini yake kuko jedwali, kuko namba tatu ao nne, kuko mchoro wenye mstari unaopanda. Juri inatikisa kichwa, mwanafunzi anapata pointi zake, kila mtu anarudi nyumbani.

Leo nataka kuigombeza ile sentensi. Wanaoiandika si waongo. Wengi wamepima kwa roho safi na namba zao ni za kweli. Mimi nataka tu kujua nani alihesabiwa mbele ya kupiga ule wastani, na nani aliachwa mlangoni. Juu siku hizi ile namba haibakii kwa karatasi. Chuo kinaitumia kuamua kama kozi itapita kwa video. Shirika linaitumia kuamua kama mafunzo yake yatafanyika kwa mtandao. Namba ikisema «iko sawa», wewe ambaye video haikufunguka kwako unaonekana mvivu. Watakuuliza: wenzako waliona kozi, wewe ulikuwa wapi?

1. Kasi ya rezo bado siyo video

Tuanze na kipimo ambacho kila mtu anakijua. Unafungua programu ya kupima kasi, unabonyeza, mshale unapanda, unaambiwa: megabiti 12 kwa sekunde. Netflix nao walileta kipimo chao mwaka 2016, fast.com. Netflix hao hao wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, na 5 kwa picha ya 1080p. Mtu anaangalia 12 yake, anaangalia ile 5, anasema: mimi niko tajiri.

Pole pole kwanza. Programu nyingi za kupima kasi zinatafuta seva iliyo karibu na wewe. Video yako inatoka pale mwenyewe aliiweka. Tuko na vituo ambapo makampuni ya intaneti yanakutana na kubadilishana data, kama KINIX ya Kinshasa, na vingine Lubumbashi na Goma. Kazi yao ni kufanya data ya ndani ya inchi isizunguke Ulaya kwanza mbele ya kurudi kwa jirani. Vinasaidia sana. Lakini kozi ambayo profesa ameiweka kwa seva iliyo Ufaransa itavuka bahari tu, hata kama kituo kiko nyuma ya nyumba yako. Ukipima njia ya kwenda soko la karibu, huwezi kusema umepima safari ya Kisangani.

Tena kipimo kinachukua sekunde chache, na kozi inachukua saa nzima. Ndani ya ile saa rezo inapanda, inashuka, jirani wanne wanafungua simu zao, umeme unakatika na antena inabaki kwa betri. Na kupima kwenyewe kunakula: megabiti 20 kwa sekunde, kwa sekunde 10, ni megabaiti 25 zimeenda. Mwenye forfe ya mega 100 hawezi kujipima asubuhi, mchana na jioni. Njo maana wanaojipima mara nyingi ni wale walio na mega za kutupa. Hatujafika hata kwa video, na tayari kuko watu waliotoka katika hesabu.

2. Wapimaji wazuri wanapima nini

Tuwe wenye haki. Watu wanaofanya kazi hii kwa kweli waliacha zamani kuangalia kasi peke yake. Video ya siku hizi haiji kama mto mmoja. Inakatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimetayarishwa kwa uzito mbalimbali, kutoka picha nyepesi ya 240p mpaka picha nzito. Programu iliyo ndani ya simu yako inaangalia rezo, inachagua: kipande kinachofuata nichukue kizito ao chepesi? Pembeni inaweka akiba ya sekunde kadhaa. Akiba ikiisha mbele ya kipande kingine kufika, njo unaona ile duara inazunguka. Apple walileta namna yao ya kufanya hivi mwaka 2009, wakaiita HLS. Mwaka 2012 ikatoka kanuni ya kimataifa inayoitwa DASH.

Kwa hiyo wapimaji wanaangalia mambo matano hivi: video ilichukua sekunde ngapi kuanza, kwa muda wote, ilikwama asilimia ngapi, picha ilikuwa na uzito gani, ilibadilika mara ngapi, na mara ngapi ilikataa kabisa. Kila moja ya hizi namba iko karibu zaidi na macho ya mtu kuliko ile megabiti 12. Mwaka 2011, Florin Dobrian na wenzake walionyesha kwamba, kwa tukio la moja kwa moja la dakika 90, kukwama kukiongezeka kwa asilimia 1 tu, mtu anapunguza zaidi ya dakika 3 za kutazama. Mwenye kuangalia mpira atawaelewa bila mchoro.

Andiko ambalo mimi ninalipenda zaidi, na ambalo nitaligombeza zaidi, ni la mwaka 2012. Waandishi ni S. Shunmuga Krishnan na Ramesh Sitaraman. Walichukua data ya kampuni Akamai: mara milioni 23 ambazo video zilitazamwa, na watazamaji milioni 6,7. Walikuta kwamba mtu anaanza kuacha video ikipita sekunde 2 bila kuanza, na kila sekunde moja inayoongezeka inapandisha kiwango cha kuacha kwa asilimia 5,8. Walikuta tena kwamba aliyekwamishwa kwa muda sawa na asilimia 1 ya urefu wa video anatazama karibu asilimia 5 pungufu kuliko mwenzake ambaye hakukwamishwa.

Angalia lile neno: mwenzake. Uzuri wote wa kazi yao uko pale. Ukilinganisha tu waliokwama na wasiokwama, utachanganya mambo, juu aliyekwama pengine anakaa mbali, pengine iko na rezo ya bei ndogo, pengine anaangalia kitu kingine kabisa. Wao walitafuta watu wawili wawili wanaofanana: sehemu moja, aina moja ya rezo, video moja, kisha tofauti inabaki moja tu, yule alikwama na yule hakukwama. Ni kama uchukue wanafunzi wawili wa kota moja, wenye forfe moja, wanaofungua kozi moja. Yeyote anayefanya TFC juu ya jambo ambalo hawezi kulijaribu katika maabara, asome ile njia. Mimi bado ninaiheshimu.

3. Wale ambao hawako katika milioni 23

Sasa ugomvi. Ile data ilikusanywa na kitu kidogo kilichokaa ndani ya kichezeo cha video, kwenye mashine ya mtazamaji. Kitu kile kinaandika: ameanza, amekwama, ameacha, imekataa. Kazi nzuri. Lakini ili kiandike, lazima kwanza kifike. Kama ukurasa wenyewe haukufunguka, kile kitu hakikuzaliwa, hakina cha kusema, na wewe uliyengoja dakika tano haupo katika dunia ya wapimaji. Waandishi walihesabu video zilizokataa, na hilo ni jema kwao. Lakini walihesabu wale waliofika mlangoni wakakataliwa. Aliyeangukia njiani hakuna aliyemwona.

Kama unadhani ninatafuta kosa dogo katika kazi kubwa, sikiliza kisa cha YouTube. Chris Zacharias alikuwa injinia pale. Mwaka 2012 alieleza jambo lililomfikia. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umefika megabaiti 1,2, ukurasa tu, bila video yenyewe. Akajipa kazi ya kuupunguza chini ya kilobaiti 100. Akakata, akaandika upya, akafika kilobaiti 98. Wakauita Feather, ni kusema unyoya. Wakauweka kwa sehemu ya watazamaji, wakangoja namba.

Namba zikarudi: kwa wastani, muda wa kufungua ukurasa ulikuwa umeongezeka.

Fikiri mwenyewe. Umepunguza mzigo mara kumi na mbili, na kipimo kinakuambia umeharibu. Angekuwa mtu wa kuamini jedwali tu, angeifuta kazi yake palepale. Akaja kutazama namba kwa kila sehemu ya dunia, njo akaelewa. Watazamaji wapya walikuwa wameongezeka kutoka Asia ya kusini-mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, na hata sehemu za mbali za Siberia. Kwao ule ukurasa mwepesi ulichukua zaidi ya dakika 2. Kumbe ule wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20. Mbele ya Feather hawakuwa watazamaji wa polepole. Hawakuwa watazamaji kabisa. Siku walipofaulu kuingia, wakaonekana mara ya kwanza katika hesabu, na kuingia kwao kukaharibu wastani.

Tuifanye kwa vidole. Tuseme watu 10 wanajaribu. Kwa ukurasa mzito, 6 wanaingia, kila mmoja kwa sekunde 3. Wengine 4 wanashindwa. Wastani ni sekunde 3, jedwali linang'aa. Kwa ukurasa mwepesi, wale 6 wanaingia kwa sekunde 1, na wale 4 wanaingia kwa sekunde 60. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kitu, wote kumi wamepata faida. Piga wastani: sekunde 24,6. Kipimo kinasema utendaji umeshuka mara nane. Sasa mkubwa wa kampuni anayelipwa kwa kushusha ule wastani atafanya nini? Njia rahisi kuliko zote ni kuacha wale wanne walale njiani. Hatahitaji hata kuwafukuza. Atasahau tu kupunguza mzigo.

Hapa njo ninasema kwamba kipimo siyo kitu kitupu kisicho na upande. Anayechagua nani ahesabiwe amekwisha kuchagua nani atahudumiwa.

Na jambo hilo linaweza kufika kwa inchi nzima. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwetu, ikarudi tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019. Karibu siku 20. Katika wastani wa dunia wa kampuni yoyote ya video, zile siku hazikuonyesha kwamba Congo iko na utendaji mbaya. Congo haikuwa na utendaji wowote. Mtu asiyetazama hatoi sekunde hata moja ya kukwama. Inchi isiyokuwepo haishushi namba ya mtu.

4. Uvumilivu ao ni kukosa njia?

Ndani ya lile andiko la 2012 kuko jambo lingine ambalo watu wanapenda kulirudilia: wenye rezo ya kasi sana wanaacha video haraka, na wenye rezo ya simu wanangoja zaidi. Maelezo yao ni kwamba aliyezoea kasi anatumainia kasi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mimi nikisoma pale ninaona jambo lingine pia. Mwenye rezo kubwa akiacha video hii, iko na zingine elfu. Mimi ambaye nimenunua mega kwa ajili ya kozi hii moja, nikiacha, feza yangu imeenda na kozi sina. Basi ninangoja. Kipimo kinaandika: huyu ni mvumilivu. Kungoja kwa mtu asiye na mahali pengine pa kwenda hakuonyeshi kwamba ametosheka, na usimpe huduma mbaya kwa sababu anaivumilia.

Tena angalia namna tunavyotazama. Nani kati yetu hajawahi kufungua video, kubonyeza pauzi, kwenda kupika chai, kisha kurudi akitumaini kwamba akiba imejaa? Kwa kichezeo cha video, ile pauzi ni mapenzi yako. Haiwekwi katika muda wa kukwama. Unaweza kukaa dakika 15 unangoja kwa kupenda kwako, kisha ripoti inasema: kukwama, asilimia sifuri. Hongera.

Na hata ile asilimia ya kukwama inaficha. Kozi ya dakika 60 ikikwama asilimia 1, ni sekunde 36. Mmoja alikwama mara moja kwa sekunde 36, akakunja mikono, akaendelea. Mwingine alikwama mara 36, sekunde moja moja, kila mara katikati ya neno la mwalimu. Namba yao ni moja. Uulize yupi alielewa ile kozi ya thermodinamiki.

Kisha kuko wale ambao hawatokei popote: mmoja anashusha video saa tisa ya usiku, rezo ikiwa nyepesi, asubuhi anaipitisha kwa wenzake kwa Bluetooth, kwa Xender, ao kwa fleshi. Seva imehesabu mtazamaji mmoja. Kwa kweli wametazama watu ishirini, na hao ishirini video haikuwakwamia hata sekunde. Kama unataka kujua ni njia gani inafanya kazi kwetu, ile njo njia, na haiko katika jedwali lolote kati ya yale niliyoyataja.

5. Picha nzuri, bei ya nani?

Tuje kwa ubora wa picha. Mwaka 2016 Netflix walifungulia watu wote kipimo chao VMAF, ambacho walikijenga pamoja na watafiti wa vyuo vikuu. Kinalinganisha picha iliyofinywa na picha ya asili, kinatoa alama kati ya 0 na 100, na kinajaribu kukaribia kile ambacho macho ya watu yangesema. Ni kazi ya akili sana, na ni bure kuitumia. Lakini mfano wake wa kawaida ulifundishwa kwa macho ya watu waliokaa kama sebuleni, mbele ya televisheni ya 1080p, umbali wa mara tatu ya kimo cha kioo. Baadaye wakaongeza mfano wa simu, na huo njo unaotufaa. Mwanafunzi anayepima kozi zinazotazamwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiweka mfano wa televisheni bila kusema, amepima sebule ya mtu mwingine.

Tena VMAF inaangalia picha, haisikilizi sauti. Kwa filamu, sawa. Kwa kozi, picha ikichafuka lakini sauti ikabaki, bado unaandika. Picha ikang'aa na sauti ikakatika, umepoteza kila kitu. Na ubaoni swali ni moja tu: herufi zinasomeka ao hazisomeki?

Lakini ugomvi wangu mkubwa hapa ni wa mega. Fanya hesabu hii kwa kalamu. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa moja. Video ya megabiti 5 inakula megabaiti 2250, ni kusema zaidi ya giga mbili. Sasa chukua forfe ya mega 500. Kwa video ya megabiti 5, inaisha ndani ya dakika 13 na sekunde 20. Kwa video nyepesi ya kilobiti 300, ambapo mwalimu anaonekana na sauti yake inasikika, forfe ile ile inafika saa tatu na dakika 42.

Vile vipimo vyote nilivyovitaja vingesema ya kwanza njo bora. Imeanza haraka, haikukwama, picha iko na alama ya juu. Mambo yote ni ya kijani. Na kwa dakika ya 14 mwanafunzi yuko nje, kozi haijafika hata katikati. Kichezeo kitaandika: mtazamaji ameacha. Hakitaandika: mega zimemwishia. Kuko vipimo vinavyohesabu sekunde, kuko vinavyohesabu alama za picha. Franga hakuna anayeihesabu, na kwetu franga njo inayoamua nani atafika mwisho wa kozi.

Mtu ataniambia: kichezeo kinajichagulia uzito kulingana na rezo. Ndiyo. Lakini kinaangalia upana wa bomba, hakiangalii mfuko. Siku rezo ni nzuri, njo siku inakumaliza mega haraka zaidi. Tunajua hilo wote. Tunaingia wenyewe katika mipangilio tunashusha picha mpaka 240p ao 144p, kisha ripoti inaandika kwamba ubora ulikuwa chini, kana kwamba ni ugonjwa, wakati ilikuwa ni hesabu ya mwenye nyumba.

6. Basi tupime namna gani?

Sisemi tutupe vipimo. Bila kipimo, kila kampuni itasema iko bora na kila profesa atasema kozi yake inaonekana. Ninasema tupime kwa namna ambayo aliyeshindwa abaki katika hesabu. Wewe unayeandika TFC ao memwari juu ya jambo hili mwaka huu, haya hayahitaji vyombo vya bei kali.

Kwanza, anza kuhesabu kutoka kwa wale waliojaribu. Chukua orodha ya darasa. Kama wako 80 na 52 walifungua kozi, namba yako ya kwanza ni 52 kwa 80. Mambo ya sekunde yatafuata. Wale 28 uende uwaulize kwa mdomo: ni rezo, ni mega, ni umeme, ni simu, ao hawakutaka? Hakuna programu itakayokuambia.

Pili, usiweke wastani peke yake. Panga watu wako kutoka wa haraka mpaka wa mwisho. Toa namba ya yule wa katikati, kisha namba ya yule wa tisa kwa kumi. Katika mfano wetu wa Feather, yule wa katikati yuko kwa sekunde 1 na yule wa tisa yuko kwa sekunde 60. Zile namba mbili pamoja zinaeleza habari ambayo 24,6 haikueleza.

Tatu, pima saa ambazo watu wanatazama kweli. Saa mbili ya usiku, wakati kota nzima iko mtandaoni, siyo saa tano ya mchana katika ofisi ya chuo yenye mashine ya umeme na antena ya kwao.

Ine, andika mega kwa kila dakika iliyotazamwa, na uziweke pembeni ya bei ya forfe ya siku ile. Msomaji aone kozi moja inamgharimu mwanafunzi franga ngapi. Ukiongeza muhula mzima, utaona kama ni kozi ao ni kodi.

Tano, uliza juu ya pauzi na juu ya kugawanya. Waliobonyeza pauzi ili kungoja, ni wangapi? Video ilipita kwa mikono mingapi kisha kushushwa? Namba zako hazitakuwa na sura ya kitaalamu kama michoro ya Akamai, lakini zitakuwa za hapa.

Sita, sema ulipima wapi, kwa simu gani, kwa rezo gani, na seva ilikuwa wapi. «Nilipima nchini Congo» haina maana. Kinshasa siyo Bunia, na katikati ya Bukavu siyo juu ya kilima cha Kadutu.

Ninajua kuko wataosoma hapa na kusema: hii ni kazi ya sosioloji, sisi ni watu wa rezo. Lakini Zacharias alikuwa injinia, na jibu lake halikutoka katika kodi ya programu. Lilitoka siku alipouliza: hawa watu wapya ni akina nani, na walikuwa wapi jana? Hilo ni swali la injinia.

Wengi wetu kesho tutakaa upande wa pili wa meza. Tutakuwa asistenti, tutakuwa watu wa mradi, tutakuwa wale wanaoamua kozi ipite wapi na mafunzo yafanyike namna gani. Siku mtu atakuletea jedwali linalosema kwa wastani video inacheza vizuri, usimkatalie na usimtukuze. Muulize tu: walijaribu wangapi, na walioshindwa uliwaandika ukurasa gani? Kama hana ule ukurasa, mwambie arudi kwanza kwa wale walioshindwa, kisha alete jedwali tena.